ODI SI UNABII



Leo nataka tuongee juu ya besiboli. Najua kuna mtu anasema, "Pasta, besiboli tena? Huku mtaani hata uwanja wake hatuna." Ni kweli. Lakini ligi ya Uingereza inapofunga mwezi wa tano, programu za kubeti hazifungi. Zinamletea kijana wetu mchezo mwingine, na besiboli ya Marekani huchezwa karibu kila siku kuanzia mwisho wa mwezi wa tatu hadi mwanzo wa mwezi wa kumi. Kuna watu hawajawahi kuona mpira huo ukipigwa, lakini wanajua odi za Yankees na Dodgers leo ni ngapi.

Sasa angalia saa zake. Mchezo unaoanza saa moja jioni kule New York, hapa kwetu ni saa nane usiku. Ule wa Los Angeles ukianza saa moja jioni, hapa ni saa kumi na moja alfajiri. Mpendwa, hizo ni saa za kesha na za maombi ya asubuhi. Mama anasikia baba ameamka saa nane, anamshukuru Mungu kwamba mume wake ameanza kuomba. Kumbe anangojea matokeo.

Sitasema tu "kamari ni mbaya" halafu niondoke. Hiyo umeisikia mara nyingi na bado unabeti. Vijana wetu wana hoja, na ni haki tuijibu. Wananiambia, "Pasta, hii si bahati nasibu. Mimi nasoma uchambuzi. Najua nani anaanza kurusha mpira leo, amepumzika siku ngapi, timu gani imesafiri usiku kucha. Hii ni kazi ya akili kama kazi nyingine."

Na nikubali, uchambuzi huo si uongo. Katika besiboli mrushaji anayeanza mchezo hurudi uwanjani baada ya siku tano hivi, kwa hiyo timu ya leo si timu ya kesho. Pale Wrigley Field, Chicago, hata upepo una kazi. Ukivuma kuelekea nje ya uwanja, mpira huenda mbali; ukivuma kuingia ndani, huo mpira unarudi kuanguka mikononi mwa wachezaji. Anayeandika habari hizi hajakudanganya.

Shida ni hii: yote uliyosoma wewe, mwenye kupanga odi ameyasoma kabla yako. Mrushaji, upepo na safari vimeshaingia ndani ya ile namba. Odi si unabii kwamba timu itashinda. Odi ni bei. Na mwenye duka hakuuzii kwa bei aliyonunulia.

Tufanye hesabu ya Sunday School. Timu mbili zinakutana na nguvu zao ni sawa. Kila moja imewekewa odi ya 1.91. Weka shilingi 100 upande huu na 100 upande ule. Umetoa 200. Sare karibu haipo katika besiboli ya Marekani, wanaendelea mpaka mmoja ashinde. Basi upande wowote ukishinda, unarudishiwa 191. Shilingi 9 zimebaki kwa kampuni, na kampuni haijali nani ameshinda.

"Lakini pasta, mimi naweka mkeka." Sawa, weka mkeka wa michezo mitano ya namna hiyo. Michezo mitano inaweza kuisha kwa njia 32, na ni njia moja tu iliyo yako. Kwa haki, shilingi yako 100 ingekulipa 3,200. Mkeka unakulipa 2,542. Ongeza iwe michezo kumi. Sasa kuna njia 1,024. Haki yako ingekuwa 102,400, lakini utaonyeshwa kama 64,600, na macho yatang'aa kwa sababu hujawahi kushika pesa hizo. Unaona? Kadiri mkeka unavyorefuka ndivyo wanavyokukata zaidi, na ndivyo wewe unavyofurahi zaidi. Mkeka ukichanika kwa timu moja, unasema, "Nilikuwa karibu." Mpendwa, hukuwa karibu. Ndivyo ulivyoshonwa.

Na huu mchezo wenyewe ni mgumu kutabiri. Kila timu ya ligi hiyo hucheza michezo 162 kwa msimu. Mwaka 2001 Seattle Mariners walishinda 116, rekodi ambayo haijapitwa. Hata hivyo walipoteza 46, na kwenye fainali hawakufika. Mwaka 2024 Chicago White Sox walipoteza 121, wakawa kicheko cha Marekani nzima. Lakini hata hao walishinda 41. Kwa hiyo kuna usiku 41 ambapo aliyeandika "hii ni ya uhakika" dhidi yao alilala bila pesa yake.

Kama bado unasema shida ni kwamba hujapata habari za kutosha, msikilize Tucupita Marcano. Huyu hakuwa shabiki. Alikuwa mchezaji wa ligi hiyo hiyo, mtu wa kukaa chumba kimoja na hao tunaosoma habari zao. Mwaka 2024 alifungiwa maisha kwa kubeti besiboli, pamoja na michezo ya timu yake mwenyewe ya Pittsburgh. Ligi ilipotoa taarifa, ikasema katika beti zake za ligi hiyo alishinda asilimia 4.3 tu. Mtu wa ndani kabisa! Sasa wewe uko Kayole au Kakamega na bando ya shilingi ishirini, umejua nini ambacho yeye hakujua?

Mwingine ni Ippei Mizuhara, aliyekuwa mkalimani wa yule nyota Shohei Ohtani. Yeye wachunguzi hawakumkuta akibeti besiboli, alibeti michezo mingine. Walihesabu kama beti 19,000 katika muda wa miaka miwili hivi. Alishinda zaidi ya dola milioni 142. Usipite hapo haraka. ALISHINDA milioni 142. Lakini alipoteza karibu milioni 183. Ili kuziba pengo aliiba karibu milioni 17 za mtu aliyemwamini kama ndugu, na mwaka 2025 akahukumiwa miezi 57 jela. Wengi wenu mnaomba, "Bwana, nishinde mara moja tu, halafu niache." Huyu alishinda maelfu ya mara, na bado hakuacha.

Kuna anayeniambia kwamba hata mitume walipiga kura kumpata Mathiya. Ndiyo, walipiga. Lakini hakuna mtume aliyeweka pesa mezani, na hakuna aliyeenda nyumbani na unga wa mwenzake. Kura nyingine iko chini ya msalaba, askari wakigawana vazi la Bwana. Hao walikuwa na macho kwa kile watakachopata, na aliyekuwa akiwafia juu yao hawakumwona. Hiyo ndiyo hatari ninayoiogopa kuliko hasara ya pesa. Kubeti kunakufundisha kutomwona mtu aliye mbele yako. Mtoto anasema ameitiwa karo, na wewe unasikia tu kama kelele, kwa sababu kule Los Angeles bado kuna mchezo mmoja haujaisha.

Sasa nigeuze shoka upande wetu wa madhabahu, maana si haki kuwapiga vijana peke yao. Kanisa likimwambia mtu, "Toa elfu moja leo, Ijumaa upokee laki," tofauti yake na mkeka ni nini? Tumemfundisha lugha ya odi ndani ya nyumba ya Mungu, halafu tunashangaa akienda kuizungumza kwenye simu. Kwetu hapa msiniletee mkeka niuwekee mikono. Na msikubali mhubiri yeyote, hata mimi, awaahidi zidisho kwa kima fulani. Mungu hubariki, ndiyo. Lakini Mithali imetufundisha njia ya yule anayekusanya kidogo kidogo kwa mkono wake, na njia hiyo haina mkato.

Najua pia kwa nini unabeti. Si kwamba wewe ni mvivu. Wengi ninaowajua wanaamka saa kumi kwenda kwenye mjengo, na bado pesa haitoshi. Kazi imekulipa shilingi 600 na simu inakuonyesha 64,600. Ninaielewa hiyo njaa. Ndiyo maana ninakuambia: anayekuuzia odi pia anaielewa, na ameiwekea bei.

Kwa hiyo fanya mambo manne wiki hii.

Kwanza, fungua taarifa zako za M-Pesa za miezi mitatu. Jumlisha ulizotuma kwa kampuni za kubeti, toa zilizorudi. Andika hiyo namba kwenye karatasi.

Pili, mwonyeshe mtu mmoja. Mke, mume, kaka, au njoo kwangu. Hutafukuzwa, na jina lako halitatajwa madhabahuni.

Tatu, iambie kampuni ifunge akaunti yako, kisha ufute programu. Usifute programu tu, maana saa nane usiku utairudisha. Na kama una deni la Fuliza, lipa hilo kabla ya chochote.

Nne, ile pesa ya wiki ipeleke kwenye chama, hata kama ni mia mbili. Haitakuwa laki kufikia Ijumaa. Lakini mwezi wa kumi na mbili bado itakuwepo.

Na ukiamka saa nane usiku kwa mazoea, usijilaumu. Hiyo saa ni nzuri. Kaa kando ya kitanda, uweke simu chumba kingine, na umwambie Mungu ile namba uliyoandika kwenye karatasi. Anza na hiyo.

Bwana akutoe kwenye huo mtego, airudishe amani nyumbani kwako, na abariki kazi ya mikono yako.

Kama kuna kijana wako umemkumbuka ukisoma, usimtag hapa mbele ya watu. Mpigie simu.

Amen.