Nakshi za India Zisigeuzwe Pambo Tupu

Mtu aingiapo katika baadhi ya maduka mapya ya mavazi mjini Jaipur, Ahmedabad au Mumbai hulakiwa na mandhari yaliyopangwa kwa uangalifu mkubwa. Sakafu ni ya saruji iliyosuguliwa ikang'aa, taa ni za chuma zisizo na urembo, na katikati ya ukavu huo wa kisasa umesimama mlango mkongwe wa nakshi, kiambaza cha matundu, na pazia lililopigwa chapa kwa vibao vya mbao. Hapana shaka mseto huo unapendeza. Lakini sisi tunaofundisha na kujifunza sanaa hatuna budi kuuliza: je, ufundi huo umealikwa dukani kufanya kazi, ama umetundikwa tu kama pembe za mnyama aliyewindwa?

Chukua mfano wa jali, kile kiambaza cha mawe au mbao kilichotobolewa kwa ustadi. Hawa Mahal, jumba lililojengwa Jaipur mwaka wa 1799, lina madirisha madogo 953 ya namna hiyo. Wanawake wa kifalme walitazama barabara bila ya wao kuonekana, na upepo ukapita ukawapoza. Msanifu wa leo anayeiweka jali baina ya dirisha na vitambaa, ili jua kali lisichujue rangi, ameuelewa ufundi huo. Yule anayeibandika kwenye ukuta usio na tundu, kisha akaficha balbu nyuma yake, amenunua umbo akaiacha maana.

Ndivyo ilivyo kwa kitambaa cha ajrakh cha Kutch, huko Gujarat. Mafundi wa ukoo wa Khatri hukifua, hukipiga chapa na kukitia rangi kwa awamu nyingi, wakitumia nili, maganda ya komamanga, na vyuma chakavu vilivyovundikwa pamoja na sukari guru ili kupata rangi nyeusi. Baada ya tetemeko la ardhi la mwaka wa 2001, maji ya kijiji cha Dhamadka yalizidi madini ya chuma, rangi zikaharibika, na baadhi ya mafundi wakahama wakaanzisha kijiji kipya cha Ajrakhpur. Watu walihama makwao kwa ajili ya maji ya kufulia nguo! Leo viwanda huiga michoro hiyo kwa mashine, na pazia la kuigiza likaning'inizwa dukani huku mwenye duka akijigamba kwamba anadumisha mila.

Wapo watakaotujibu kwamba pasipo maduka ya kisasa ufundi huu ungalikwisha kufa. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Kampuni ya Fabindia, iliyoanzishwa na John Bissell mwaka wa 1960 na kufungua duka lake la kwanza New Delhi mwaka wa 1976, iliwafungulia wafumaji wa vijijini soko la mijini. Kabla yake, Bi. Kamaladevi Chattopadhyay alikuwa amekwisha kuzipigania kazi za mikono tangu India ilipopata uhuru. Nayo Taasisi ya Taifa ya Usanifu ya Ahmedabad ilianzishwa mwaka wa 1961 kufuatia ripoti ya Charles na Ray Eames, waliousifu mno mtungi wa kawaida wa maji, lota, kwa jinsi umbo lake linavyotii matumizi yake.

Kwa hivyo hatulaumu ndoa ya ukale na usasa. Tunalolaumu ni ndoa ambamo mmoja hatajwi jina. Magazeti ya mapambo humtaja msanifu, hupiga picha za mwenye duka, na aliyechonga jali huitwa "fundi wa kienyeji", basi. Inatupasa tudai jina lake liandikwe mlangoni pamoja na majina ya wenzake, na ujira wake ulingane na sifa zinazovunwa kwa kazi yake.

Jambo hili si la India peke yake. Baadhi ya milango ya nakshi ya pwani yetu ilichongwa na mafundi wa Kihindi, au kwa kuiga mtindo wa Gujarat. Mwalimu atakayewapeleka wanafunzi wake Mji wa Kale wa Mombasa na awasimamishe mbele ya mlango mmoja, kisha, kabla ya kuwauliza habari za maua na minyororo iliyochorwa, awaulize ni nani aliyeuchonga.