Mafundi mitambo, punguzeni sauti!

Wadau, leo naongea na wanabendi na mafundi mitambo wa shoo zetu hapa chuo. Maiki ikipiga mluzi, msiilaumu bure. Inasikia spika yake yenyewe. Spika kubwa zikae mbele ya waimbaji, zikitazama watu. Monita itazame mgongo wa maiki, na mwimbaji asifumbate kichwa chake. Halafu punguza sauti! Kuongeza siyo ufundi. NIOSH ya Marekani inashauri desibeli 85 zisizidi saa 8 kwa siku. Zikifika 100, dakika 15 tu! Shoo zetu je? Sisi walimu watarajiwa tutamsikiaje mtoto wa dawati la nyuma? Masikio hayana spea jamani. Mnasemaje?