Tangazo si mazungumzo

Kuna ugonjwa katika fani yetu ya kompyuta hapa Kenya, na leo nitausema waziwazi. Mradi ukianza, "wadau" huitwa hotelini Nairobi, wakanywa chai, wakaonyeshwa slaidi na kupigwa picha. Kisha mfumo unawashukia watu wa Meru na Embu kama mvua ya mawe. Wakilalamika, tunasema hawaelewi teknolojia. Uongo mtupu!

Chukua mfano wa karo. Januari 2024 Wizara ya Elimu iliagiza wazazi wenye watoto katika shule za kitaifa walipe karo kupitia eCitizen. Nia ya kuziba mianya ya pesa si mbaya. Lakini kila malipo yalikuja na ada ya shilingi 50. Kwa mwenye mshahara, 50 ni kitu gani? Haya, njoo Mbeere. Mkulima wa muguka huuza kidogo kidogo, na karo hulipa vivyo hivyo. Karo ya shilingi 10,000 ikilipwa kwa mafungu 10, ada ni 500. Anayelipa yote kwa mpigo anatoa 50 tu. Yaani mnyonge anatozwa mara kumi!

Hesabu hiyo haitaki digrii ya kompyuta. Mama yeyote wa soko la Kiritiri angekufanyia papo hapo, lau angeulizwa.

Mwisho wake ulikuwaje? Februari 2024 Mahakama Kuu ilisimamisha agizo hilo, na Aprili 2025 ikaamua kwamba linakiuka Katiba. Sababu mojawapo: wananchi hawakushirikishwa. Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010 kinataja ushiriki wa wananchi kati ya maadili ya taifa, lakini wengi wetu tunaona hayo ni mambo ya mawakili. Sivyo. Ni sehemu ya kazi yetu.

Najua mtanijibu: muda hautoshi, bajeti ni finyu. Je, nauli ya matatu hadi Embu na kesi ya zaidi ya mwaka mzima, ghali ni ipi?

Dawa ipo. Nenda kabla uamuzi haujafanywa, si baada. Nenda baraza la chifu, nenda mkutano mkuu wa chama cha ushirika cha kahawa, kaa na bursa wa shule. Ongea Kimeru, Kiembu au Kiswahili. Ukikosa lugha, tafuta mkalimani. Slaidi ziache, beba mchoro wa karatasi. Jaribu mfumo kwenye simu ya kabambe. Halafu, na hapa ndipo wengi hutoroka, rudi uwaambie ni lipi mlilolibadilisha na lipi limekataliwa, na kwa nini.

Kwa hiyo wewe meneja wa mradi unayesoma hapa: kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa programu, nitajie mzazi mmoja wa Maua au Kiritiri uliyemuuliza. Kama huna, bado hujaanza kazi.