Tia Mtaa Wako Kwenye Ramani

Januari 2010, tetemeko la ardhi lilipouangusha mji wa Port-au-Prince nchini Haiti, waokoaji walifika wakakosa ramani ya kutegemea. Ndani ya siku chache, mamia ya watu walioketi majumbani kwao katika nchi mbalimbali walichukua picha za satelaiti wakachora barabara, nyumba na kambi za waliopoteza makazi, kila mmoja kipande chake, kwenye ramani moja ya mtandaoni iitwayo OpenStreetMap. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuonana, wala hapakuwa na mkubwa wa kuwapangia zamu.

Ndugu msomaji, tukizungumzia jinsi intaneti ilivyobadilisha kazi za pamoja, wengi wetu tunafikiria vikao vya video na makundi ya WhatsApp ya ofisini. Kwangu mimi, badiliko kubwa ni hili la Haiti: kazi ya umma iliyokuwa ikifanywa na wataalamu wachache ndani ya ofisi moja, sasa yeyote mwenye simu anaweza kuitia mkono. Nami nakuomba uutie wako.

Ramani hiyo ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, na haikukawia kufika kwetu. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walianza kuuchora mtaa wao, ambao kwenye ramani za wakati huo ulionekana kama pori tupu. Dar es Salaam ilipata somo lake Desemba 2011, mafuriko yalipoua watu zaidi ya 40. Ili mji ujiandae na mafuriko mengine, mwaka 2015 ukaja mradi wa Ramani Huria: wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia mitaani, wakatembea na wenyeji wakiandika nyumba, njia na mitaro, mtaa mmoja baada ya mwingine.

Kwa nini wanafunzi wale walilazimika kutembea, ilhali picha za satelaiti zipo? Kwa sababu mtu aliye mbali anaona bati tu. Hajui kama chini ya bati lile ni zahanati, msikiti au ghala la mkaa. Anaona uchochoro, lakini hawezi kujua kama bajaji inapita au ni wa kupita mtu kwa mguu, tena upande upande. Mtaro anauona kama mstari; wewe ndiye unayejua kwamba umeziba tangu masika iliyopita na kwamba mvua ikinyesha maji yanageukia kwa jirani.

Hata majina ni hivyo hivyo. Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 ilituletea nguzo za mitaa na namba za nyumba, na ni jambo jema. Lakini mgonjwa akizidiwa usiku, anayepiga simu hataji namba iliyo mlangoni. Atasema njoo hadi Kwa Mtogole, au shuka Kwa Aziz Ali kisha uulize. Ramani hii inapokea majina yote mawili, la kwenye nguzo na la kondakta wa daladala, pamoja na lile la zamani ambalo wazee bado wanalitumia. Anayeyajua ni wewe.

Wapo wanaosema kazi hii tuwaachie wafadhili. Sikubaliani nao hata kidogo. Mradi una mwisho wake. Wanafunzi wanahitimu, fedha zinakwisha, na mtaa unaendelea kubadilika. Daraja la miti linasombwa, zahanati inahama, njia inazibwa na ukuta mpya. Mwenye kubaki pale ni mkazi.

Kuanza si kazi ngumu. Fungua akaunti kwa barua pepe, tafuta mtaa wako, bonyeza sehemu ya kuhariri, weka alama, andika ni kitu gani na kinaitwaje, kisha hifadhi ukieleza kwa kifupi ulichobadilisha. Mwenzako wa Mwanza au wa Berlin anaweza kukipitia, na akiwa na shaka atakuuliza. Toleo la awali halipotei, kwa hiyo usiogope. Kwenye simu ya Android ipo programu ya StreetComplete, inayokuuliza maswali mafupi ukiwa njiani: barabara hii ni ya lami au ya udongo? Mimi ningeanzia hapo.

Ila tuwe waangalifu. Usinakili ramani za kampuni nyingine, kwa kuwa zina wenyewe. Usiandike majina ya wanaoishi katika nyumba, wala usionyeshe mahali wanapohifadhiwa wanawake waliokimbia vipigo. Na usilolijua, muulize mjumbe wa shina.

Walimu wa jiografia, wapeni wanafunzi wenu zoezi la kuchora eneo la shule. Waendesha bodaboda, ninyi mnazijua njia kuliko mtu yeyote, tafadhali ziandikeni. Na wewe unayesoma haya, Jumamosi hii anza na njia moja tu: ile ambayo gari la wagonjwa lingepita kufika mlangoni kwenu. Itembee, angalia linapoweza kukwama, uiweke kwenye ramani.