Milimita nusu, mbele ya shavu lako

Kuna sentensi moja inayopendwa sana na Wamarekani wanaojijazia risasi nyumbani: kadiri unavyozamisha kichwa cha risasi ndani ya ganda, ndivyo presha inavyopanda. Inasikika kama fizikia ya sekondari. Nafasi ikipungua, gesi inabanwa. Nani atabisha?

Mimi nabisha. Haya, nabisha nusu, maana kwa bastola ni kweli. Ganda la milimita 9 ni dogo mno. Sukuma kichwa ndani kidogo tu, nafasi iliyobaki inapungua sana na presha inaruka. Tatizo ni kwamba watu waliichukua kanuni ya bastola wakaivisha bunduki ndefu, kisha wanaambizana kama vile ni methali.

Chukua .308 Winchester, iliyoingia sokoni mwaka 1952. Ganda lake ni kubwa, hivyo milimita nusu haibadilishi nafasi kiasi hicho. Kinachotawala zaidi ni umbali kati ya kichwa cha risasi na pale mifereji ya ndani ya mtutu inapoanzia. Kichwa kikiwa mbali kidogo na mifereji, kinakuwa tayari kiko mwendoni kabla ya kubanwa, na presha inapanda taratibu. Kikiwa kimeigusa tangu mwanzo, baruti inawaka huku mlango umefungwa: presha inaruka, kasi nayo inaongezeka kidogo. Yaani jamaa aliyevuta kichwa NJE ili apunguze presha, kaipandisha! Roy Weatherby alilijua hili. Bunduki zake ziliachiwa kipande kirefu cha mtutu kisicho na mifereji, ndipo akaweza kutia baruti nyingi na kupata kasi aliyoitaka. (Ukizamisha kupita kiasi, ile hoja ya nafasi inarudi tena. Sikusema ni rahisi.)

Sasa tazama namba. Kikomo cha SAAMI, chombo cha watengenezaji wa silaha na risasi wa Marekani, kwa .308 ni pauni 62,000 kwa inchi ya mraba. Hayo yanatokea karibu kabisa na uso wa mtu! Na kipima kasi unakipata dukani, lakini kipima presha wanacho wachache mno. Kwa hiyo kasi ikipanda bila kuongeza baruti, wengi wanashangilia, wakati huenda ni presha inabisha hodi.

Kinachoniudhi hasa ni namba za kuazimana. "Mimi naacha milimita nusu, iko poa." Kwenye bunduki ya nani, jamani? Kichwa cha umbo gani? Hata mtutu wenyewe unaliwa na moto, mifereji inarudi mbele kadiri unavyopiga, kwa hiyo milimita nusu ya mwaka juzi si ya leo hata kwa mwenye bunduki yuleyule.

Wajuzi, kila wakibadilisha kichwa au urefu wa risasi, hurudi kwenye kipimo cha chini cha kuanzia kilichoandikwa kitabuni, wakapanda upya hatua kwa hatua. Inachosha, inakula baruti, na haina hadithi ya kuwasimulia rafiki zako.