Kabla Ung'oe Kava ya Pikapu, Nisikize Kwanza

Wasee, leo naanza na msamaha. Na hapana, pikapu ninayozungumzia si ya kubeba viazi kutoka Kinangop. Ni kile kidude kinachokaa chini ya nyuzi za gitaa ya umeme, kina sumaku na koili ya waya. Zingine zimevishwa kava ya metali inayong'aa, zingine ziko uchi.

Mwaka jana nilipost video nikasema: ng'oa kava, sauti itafunguka. Ilitazamwa kuliko kitu chochote nimewahi kuweka. Mwezi uliopita kijana mmoja aliyemaliza Form Four akaniandikia kwa inboksi. Alifuata maneno yangu, na alichokuwa nacho ni kisu cha jikoni. Kisu kiliteleza kikakata waya wa koili, ambao ni mwembamba kama unywele, kama milimita 0.06 hivi. Pikapu ikafa. Na gitaa haikuwa yake, ilikuwa ya kanisa. Ameambiwa asiguse chombo chochote mpaka alipe, na kazi hana.

Usiku huo sikulala poa. Nikafungua ile video yangu nikaitazama kama mtu mwingine. Unajua nini niliona? Siku hiyo hiyo niliyong'oa kava, nilikuwa nimeweka nyuzi mpya. Pia nilikuwa nimeinua pikapu ikaribie nyuzi. Nilibadilisha vitu vitatu, halafu sifa yote nikaipa kimoja. Sikudanganya kwa kukusudia, lakini mtu aliyeharibu gitaa ya kanisa hasaidiki na nia yangu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hii ni fizikia ya Form Four. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili juu ya karo, na hata hauhitaji kufika huko kuielewa. Uzi wa gitaa ukitetemeka juu ya sumaku, uga wa sumaku unabadilika na umeme kidogo unazaliwa kwenye koili. Umeme huo ndio unaenda kwa amplifaya. Sasa kava ya metali nayo inapitisha umeme, kwa hivyo mikondo midogo inaanza kuzunguka ndani yake na kupinga yale mabadiliko. Sauti ikiwa ya juu zaidi, inapingwa zaidi. Mnakumbuka mwalimu akisema kiini cha transfoma hutengenezwa kwa vibapa vyembamba, si donge moja? Ni kwa sababu ya mikondo hiyo hiyo.

Kwa hivyo ndiyo, kava inaweza kupunguza ukali wa sauti. Hapo sikukosea. Kosa langu ni kuongea kana kwamba kava zote ni moja.

Kava ya plastiki, kama zile za Stratocaster, haipitishi umeme, kwa hivyo kwa hili haina neno. Kava ya brasi, ile metali ya manjano ya kufuli, inapitisha umeme vizuri, na ndiyo inayokula sauti za juu zaidi. Halafu kuna aloi ya shaba, nikeli na zinki ambayo watu huita fedha ya Kijerumani, ingawa haina fedha hata chembe. Hiyo inapitisha umeme kama mara nne chini ya brasi, kwa hivyo inakula kidogo sana. Gibson walichagua aloi hiyo kwa hambaka ya Seth Lover, ile pikapu ya koili mbili aliyoibuni mwaka 1955 na ikaingia kwenye gitaa zao mwaka 1957. Na haikuwa urembo tu. Kava ikiunganishwa na waya wa ardhi inazuia kelele za umeme kutoka nje, na inalinda ule waya mwembamba.

Miaka ya 1960 wapiga gitaa wa roki wakaanza kung'oa kava wakitafuta makali. Stori ikasafiri, ikafika kwa simu zetu, na watu kama mimi tukairudia bila kuuliza kava yenyewe ni ya metali gani. Zikishapakwa ile rangi ya kung'aa, kwa macho tu huwezi kujua.

Juzi nilirudia jaribio. Kava yangu ni ya ile aloi. Nyuzi zile zile, urefu ule ule wa pikapu, kebo ile ile. Nikarekodi bila kava, nikairudisha nikaishika na tepu, nikarekodi tena. Dadangu akasikiza bila kuona. Mara akapata, mara akakosa. Mimi mwenyewe nilipofumba macho, ule uhakika wangu wote wa mwaka jana uliisha.

Msimamo wangu sasa ni huu. Kama gitaa yako inalia kama imefunikwa blanketi, anza na vitu ambavyo haviwezi kuua pikapu. Badilisha nyuzi. Inua pikapu kidogo kwa bisibisi. Fungua toni mpaka mwisho. Tumia kebo fupi, maana kebo ndefu nayo inakula sauti za juu. Kama unatafuta mlio wa benga, ule wa juu unaoongea na mwimbaji, sogeza mkono upige karibu na daraja. Hiyo ni bure kabisa. Ukishamaliza hayo yote na fundi akuthibitishie kava ni ya brasi, mwambie aibadilishe. Yeye ndiye anajua kutoa solda bila kugusa koili. Sio wewe, na sio kisu.

Najua mtu ataniambia, "Masikio yangu yananitosha." Sawa, hata mimi nilisema hivyo. Lakini kanisani, ngoma ikipigwa na kwaya ikisimama, hiyo tofauti ndogo ya aloi haifiki hata benchi ya pili.

Video ya zamani sijaifuta. Nimeweka masahihisho juu yake, kwa sababu nikiifuta, waliokwisha kuiona watabaki na uongo wangu. Ile pikapu ya kanisa iko kwa fundi, koili inafungwa upya, na nusu ya gharama ni yangu. Nusu ingine kijana alikataa nilipe, akasema kisu kilikuwa mkononi mwake.

Jumapili naweka zile rekodi mbili bila kuandika ipi ni ipi. Kisieni kwa komenti kabla hamjasoma komenti za wengine.