SEHEMU YA 4: Pointi 73 za mama wa watoto wawili

Mama zangu na dada zangu, mliokuwa mnasubiri niendelee na homa za watoto, mniwie radhi, hiyo inakuja kesho. Leo kuna jambo limenikaa kooni.

Mfuatiliaji wetu mmoja anayeishi Uingereza kaniandikia inbox. Kijana wake ana miaka 19, ndio kaanza kazi, na kazini kwao kila Januari wanachanga pauni tano tano. Kila mtu anaandika majina kumi ya watu maarufu anaodhani watakufa kabla mwaka haujaisha. Atakayepatia zaidi anabeba mchango wote. Kijana kamwonyesha mama yake orodha huku anacheka. Mama anauliza: "Nesi, mimi ndiye mshamba, au hili jambo ni baya?"

Si mshamba, dada. Ni baya, na nitaeleza kwa nini.

Mchezo huu una jina, dead pool, na si wa jana. Wanenu walioangalia filamu ya Deadpool ya mwaka 2016 wameshauona bila kujua: lile jina linatokana na ubao wa baa ambapo wateja wanabeti nani atakufa. Na zamani zaidi, huko huko Uingereza, watu walikuwa wanakata bima ya maisha ya mtu mashuhuri wasiye na uhusiano naye wowote, halafu wanakaa kusubiri afe wavune. Bunge lao lilichoka, likapitisha sheria mwaka 1774: huna maslahi halali katika uhai wa mtu, huruhusiwi kumkatia bima. Zaidi ya miaka 250 iliyopita watu walishaona ubaya wake. Sisi leo tunaambiwa ni utani wa ofisini.

Sasa sikilizeni hesabu yake, maana ubaya wenyewe umejificha humo. Mingi ya michezo hii inatoa pointi hivi: chukua 100, toa umri wa marehemu. Betty White, yule mwigizaji wa Marekani, alifariki Desemba 31, 2021 akiwa na miaka 99. Huyo ni pointi 1. Kwa hiyo mchezaji mjanja hahangaiki na wazee. Anatafuta mgonjwa kijana.

Mnamkumbuka Jade Goody? Wadogo hamumjui. Alikuwa binti wa Kiingereza aliyepata umaarufu kupitia Big Brother. Agosti 2008, akiwa India kwenye Big Brother ya kule, aliambiwa ana saratani ya mlango wa kizazi. Alifariki Machi 22, 2009, siku ambayo Uingereza walikuwa wanaadhimisha Siku ya Mama. Aliacha watoto wawili wa kiume, mmoja miaka 5, mwingine 4. Yeye alikuwa na miaka 27.

Toa 27 kwenye 100. Pointi 73.

Hebu kaeni na hiyo namba kidogo. Watoto wawili wamebaki bila mama, na mahali fulani kuna mtu anasema "yes!" kwa sababu karatasi yake imepanda. Na kadiri watoto wanavyobaki wadogo, kwa kawaida mama naye ni kijana, na pointi zinakuwa nono. Amy Winehouse naye alipokuwa anahangaika na pombe na madawa, kulikuwa na tovuti iliyowataka watu wabashiri siku atakayokufa. Zawadi ilikuwa iPod. Alifariki 2011, naye miaka 27.

(Kwa kuwa nimemtaja Jade: kwa sababu yake wanawake wengi mno wa Uingereza walijitokeza kupima mlango wa kizazi mwaka ule. Hapa Tanzania saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa wanawake. Kipimo kinachukua dakika chache. Wewe unayesoma hapa, umepima lini? Na binti yako wa darasa la nne au la tano, usiikimbie chanjo ya HPV ikija shuleni.)

Kuna watakaoniambia, "Nesi, acha ukali, hata nyie wodini mnacheka." Kweli, tunacheka. Saa tisa usiku, baada ya kumuosha marehemu na kumfunga kidevu, tunaweza kucheka jambo ambalo ukilisikia utatushangaa. Lakini mimi sikuweka hela yangu upande wa kifo chake. Saa mbili kabla nilikuwa namgeuza asipate vidonda. Anayebeti hajagusa hata mkono wa mtu huyo, halafu anaomba heshima ile ile ya utani wetu. Hapana.

Tena hawajui hata wanachokibashiri. Februari 2023 ilitangazwa kwamba Jimmy Carter, rais wa zamani wa Marekani, ameacha matibabu ya hospitali na anapata tiba shufaa nyumbani kwake Georgia. Mtu wa kubeti akisikia hivyo anajua ni wiki mbili tu. Mzee alikaa miezi 22! Akamzika mkewe, akatimiza miaka 100, akafariki Desemba 29, 2024. Tiba shufaa maana yake maumivu yatulizwe na mtu aishi siku zake kama mtu, ziwe tano au mia sita. Siyo mlango wa mochwari, na naomba mlikumbuke hilo siku daktari atakapolitaja neno hilo kwa mzazi wako.

Na tusijidai watakatifu huku kwetu. Hatuchangi pauni tano, lakini mtu maarufu akilazwa asubuhi, mchana ameshawekewa mshumaa na RIP. Tunashindana nani kaposti wa kwanza. Nimemwona binti kwenye korido ya wodi anapigiwa simu za pole mfululizo, analia hajui aamini nini, na baba yake yuko ndani anakunywa uji. Nilimshika mkono nikampeleka kitandani akamwone kwa macho yake. Mzee akamuuliza, "Unalia nini?" Hakuna aliyethubutu kumjibu.

Kwa hiyo mwanao akija na orodha yake, usimpigie kelele. Mpe kalamu. Mwambie aongeze jina la bibi yake hapo chini, bibi yule aliyembeba mgongoni, anayemeza dawa za presha kila asubuhi. Ana miaka 78? Basi aandike mwenyewe, kwa mkono wake: pointi 22.